Saa Moja ya Dubu

Tangu kulipokucha Anselm Wambura hakutulia hata dakika tano. Mara aketi, mara asimame, mara achungulie theluji ya kwanza ya Oktoba ikigeuka tope pale chini barabarani, katika mji wa Columbia Heights huko Marekani. Na kwa kweli hakuwa na sababu. Ripoti ya dubu wa kahawia ilikuwa imekamilika, jina lake limeandikwa pamoja na la profesa wake, na Ijumaa bodi ya uwindaji huko Alaska ingeisoma na kuamua. Lakini roho yake ilikuwa inawasha kama aliyevaa sweta la sufu bila shati.

Kiangazi kizima cha mwaka huo wa 1996 alikuwa amekaa penye mdomo wa mto, kwenye ghuba ya mbali huko pwani, na darubini na daftari, akihesabu dubu waliokuja kuvua samaki. Allan, mwanafunzi mwenzake Mmarekani, alihesabu juu ya mto huohuo. Kanuni yao ilikuwa nyepesi. Dubu wanaofanana wakionekana vituo vyote viwili ndani ya saa mbili, wanahesabiwa mara moja, maana ni walewale wametembea. Ikizidi hapo, ni wengine. Jumla ilitoka hamsini na watatu. Miaka mitatu nyuma walikuwa thelathini na sita. Kwa neema hiyo bodi ilikuwa tayari kuongeza vibali vya kuwinda, kutoka vitatu hadi sita.

Siku hiyo Avelina, mkewe, hakuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee. Anselm alimpa daftari amsomee, yeye aandae semina yake.

"Tarehe tisa Julai," Avelina akasoma. "Saa moja na dakika kumi. Jike na watoto wawili. Sikio limechanika. Umande haujakauka, uji umeniunguza ulimi."

"Umande?" Anselm akageuka. "Saa moja mchana?"

"Mchana umetoka wapi? Saa moja asubuhi. Si umeandika moja na kumi hapa?"

Akampokonya daftari. Kweli, 1:10, kwa mkono wake mwenyewe. Mshale wa saa ulikuwa kwenye saba, kichwa kikasoma saa moja kama kilivyozoea tangu utotoni, na mkono ukaandika kilichosema kichwa. Wale waliochapa namba kwenye kompyuta hawakujua Kiswahili. Waliona moja na kumi, wakaweka mchana. Na Allan alikuwa amemwandika jike na watoto wawili juu ya mto saa 7:50 asubuhi. Kwa hiyo Mama Sikio, kama Anselm alivyomwita, alikuwa ameingia kwenye ripoti kama dubu wawili majike, na watoto wake wakawa wanne.

Akapekua kurasa huku jasho likimtoka. Siku kumi na moja za mwanzo zote ziliharibika vilevile. Baadaye alikuwa amezoea saa za kwa wenyewe, bila hata kukumbuka kwamba alianza vibaya. Akahesabu upya kwa penseli, mara mbili. Dubu kumi na tisa hawakuwahi kuwepo.

"Thelathini na wanne," alisema. "Wamepungua, mama Noela. Wamepungua, na mimi nimewaombea bunduki."

Sheria ya kule inakataza kumpiga jike mwenye watoto. Lakini wale wawili wa Mama Sikio walikuwa wameshakuwa wakubwa; mwakani wangemwacha, naye angekuwa halali kwa yeyote mwenye kibali.

Macho yake yakaangukia mlango wa friji, kwenye karatasi iliyoandikwa na Avelina jana: *Profesa kapiga. Ripoti inatumwa kwa faksi kesho saa nne.* Ilikuwa imeshapita saa saba. Aibu iliyoje, kitu cha kwanza alichohisi ni nafuu.

"Basi imeshakwenda," akasema, akaketi. "Hakuna la kufanya."

Avelina aliikodolea macho ile karatasi. "Alisema *four*."

"Four ya jioni?"

"Ya jioni. Saa kumi yetu. Nimeandika nne kwa sababu yeye kasema nne. Kumbe tumepatana, kosa ni lilelile."

Anselm hakucheka. Hakuinuka pia.

"Baba Noela," Avelina alisema taratibu, "ulipokuwa bwana nyama ukikamata majangili kule Mara, kaka yangu Nahashon ulimpeleka mahakamani kwa nyumbu mmoja. Mmoja. Mama akakulilia, ukasema sheria ni sheria. Vaa viatu."

Akavaa. Mabasi mawili hadi chuoni Saint Paul, na la pili likachelewa. Alisimama kituoni akipigapiga miguu chini, akiomba lije na akiomba lisije.

Profesa Halvorsen alimsikiliza bila kumkatiza. Karatasi zilikuwa zimepangwa tayari kando ya mashine ya faksi.

"Nani hapa angeligundua hili?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna."

"Hata mimi nisingeweza." Mzee akavua miwani. "Wafadhili watataka kujua nani amekosea."

"Waambie ni mimi."

"Itabidi. Na kiangazi kijacho nitapeleka mtu mwingine mtoni."

Anselm alilitegemea hilo njia nzima, na bado lilimchoma. Alikuwa amekwisha kuupenda ule mto. Alitaka kumwona yule jike akivuka peke yake.

"Andika barua ya maelezo iende na hesabu mpya," profesa alisema. "Weka sahihi, tarehe na saa."

Akaandika yote, kuanzia umande hadi uji. Akatupia jicho saa ya ukutani, akatia sahihi, akaandika saa: 9:40.

Profesa alitazama karatasi, akatazama ukutani, ambako mishale ilionyesha tatu na dakika arobaini. Anselm alipofuata macho yake alitamani ardhi immeze. Akakata ile tisa kwa mstari, akaandika 3:40 pembeni, akaomba karatasi safi aanze upya.

"Hapana," profesa alisema, akiiingiza kwenye mashine vilevile na mkato wake. "Hapa ndipo watakapoelewa."