Siku Juhudi Ilipowaka Moto Chini ya Soni

Haya nitakayosema ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata chumvi ya kuonja, basi meno yangu matatu yaliyobaki yang'oke leo leo na wajukuu wayarushe juu ya paa. Watu wa Lushoto wamenizoea kwa maneno mengi, najua, lakini hili la gari kuwaka moto sikusimuliwa. Usukani nilikuwa nimeushika mimi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa juu ya Gare, mahali ambapo mwezi wa saba ukitema mate yanafika chini yameshakuwa barafu. Tulikuwa na Landrova moja, iliyoachwa na mlowezi aliyeondoka kwa haraka hata akasahau kofia yake kwenye kiti. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu tangu enzi za huyo mwenyewe. Tukalipa jina la Juhudi. Maarifa tukasema tutayatafuta baadaye.

Dereva nilikuwa mimi, Mika. Sitaki kujisifu, lakini nilipopita na lile gari hata wazee wenye mvi walikaribia kuniamkia shikamoo, wakajizuia dakika ya mwisho.

Fundi alikuwa Fanueli, mtu mkimya aliyejifunza kazi kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge kule Korogwe. Na juu yetu sote ilikuwapo Kamati ya Gari: watu kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyejua kuendesha baiskeli. Mwenyekiti wake Mzee Athumani, ambaye alikuwa pia mwenyekiti wa kijiji, wa shamba la pamoja, na wa kila kitu chenye kiti. Muhtasari akiandika Jenoveva, mama mmoja aliyesomeshwa misheni, mwenye mwandiko mzuri na macho mabaya. Nasema mabaya kwa sababu yalikuwa yanaona.

Fanueli alisimama mbele ya kamati ile mara tatu, maneno yale yale.

"Ndugu wajumbe, mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta umepasukapasuka kama kisigino. Nimeufunga kwa kipande cha tyubu, lakini hiyo siyo dawa. Tone moja likiangukia bomba la moshi likiwa la moto, tumekwisha. Waya wa betri unasugua bodi. Naomba mpira mpya, na ndoo ya mchanga isitoke garini. Na moto ukishika, msifungue boneti mkaupa hewa, wala msimwage maji juu ya petroli. Zima injini, shuka, ukabe kwa udongo."

"Ndugu Fundi," akasema Mzee Athumani, "mbona unauzungumzia moto kama mtu aliyeualika?"

Wajumbe wakacheka. Ikapitishwa kwamba barua iandikwe. Ndoo ya mchanga ikapatikana kweli, ikakaa garini siku mbili, kisha Kamati ya Vyoo ikaiazima. Mchanga wake ukaachwa chini, na uamuzi huo ukapigiwa makofi.

Sasa kuna jambo la baridi. Juhudi ilikuwa haiamki asubuhi mpaka uifunike usiku kama mgonjwa. Madereva wote wa milimani tulifanya hivyo: gunia zito juu ya injini, boneti inafungwa juu yake, asubuhi mashine ina joto kidogo. Fanueli alipigilia msumari ukutani kwa ajili ya gunia hilo. "Likae pale kwanza," aliniambia, "ndipo uguse ufunguo." Siku zote nililitundika pale. Siku ile nilikuwa na haraka. Nadhani umeshanielewa.

Siku ile Mzee Athumani alikuwa anakwenda Mombo kuhutubia watu juu ya kujitegemea, na alitaka apelekwe. Amekaa mbele na koti la sufu. Nyuma yuko Jenoveva na magunia ishirini ya kabichi za kijiji. Tukashuka, tukapita Soni salama, tukaanza zile kona ambazo ukichungulia dirishani unaliona bati la nyumba ya mtu chini ya miguu yako. Moshi mwembamba ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

"Mika, nini hicho?" akauliza Mzee Athumani.

"Ukungu, Mwenyekiti."

Jenoveva akagonga kioo cha nyuma. "Ukungu gani unanuka gunia?"

"Unanusa magunia yako mwenyewe!" nikamjibu.

"Ya kwangu yana kabichi mbichi, wewe! Simamisha gari!"

Nikasimamisha. Hapo ndipo moto ulipotoka. Nakuambia, ndimi zake zilipanda juu kiasi kwamba watu wa Muheza waliamka na kudhani jua limekosea upande. Rangi nikahesabu saba. Mzee Athumani alitoka mlangoni bila kuufungua.

Wakati huo kulikuwa na kundi la watu wanachimba mtaro kando ya barabara, kazi ya kujitolea, wakaja mbio na majembe yao. Mimi nikashika boneti niinue.

"Usifungue!" Jenoveva akapiga kelele, anaruka juu ya kabichi.

"Leteni maji!" akaamuru Mzee Athumani.

"Msimwage maji kwenye petroli!"

"Nani anayeongoza hapa?"

Na hapo, ndugu yangu, likaja tatizo la heshima. Katika wachimbaji walikuwamo wazee wawili wanaomzidi Mwenyekiti umri. Hakuweza kuwaamuru kabla hajawaamkia. Akawaamkia. Wakaitika, wakamuuliza habari za nyumbani, akasema njema. Wakauliza watoto, akasema wanasoma. Wakauliza safari. Akageuka akalitazama gari, akafikiri, akasema safari ni njema. Wakati huo rangi ya mbele ya Juhudi inatoka malengelenge. Vijana wamesimama na majembe, hakuna anayethubutu kupita katikati ya salamu za wakubwa.

Jenoveva akampokonya mmoja jembe. "Shikamooni wote!" akasema mara moja kwa jumla, akaanza kutupa udongo wa mtaro kupitia kwenye wavu wa mbele. Wanawake wakamfuata, wengine wakatupia kwa chini. Mimi, kwa kweli, nilikuwa nimeshika kofia ya Mwenyekiti isiharibike. Robo saa, moto umezikwa. Juhudi imenuna na udongo mdomoni, lakini nyuma haikuungua wala kabichi moja.

Gari likasukumwa hadi nyumbani kwa nyimbo. Kesho yake ukaitishwa mkutano wa kijiji kizima, maana lazima apatikane mwenye kosa, na mwenyekiti wa vitu vyote hawezi kuwa yeye.

"Mpira wa petroli umeyeyuka," akasema Mzee Athumani, ameinua kipande cheusi. "Nani aliufunga kwa tyubu? Fundi Fanueli. Hii ni hujuma. Napendekeza arudi kwenye mkonge alikotoka, na nyumba aliyopewa na kijiji apewe mwingine."

Fanueli alikuwa ameketi mbele. Nyuma yake mkewe Rahabu alikuwa amekaa juu ya furushi la mablanketi na watoto watatu. Alikuwa ameshafunga mizigo tangu alfajiri. Alijua kamati yetu inavyokata shauri.

Nami? Nilikuwa kimya. Gunia lilikuwa jivu, na jivu halina jina la mtu. Nikifungua mdomo, kiti cha dereva kimekwenda. Nikajiambia Fanueli ana mikono yake, atapata kazi popote. Mtu anajiambia mengi akiwa ameshika ufunguo mfukoni.

Jenoveva akanyanyua kalamu. "Kabla hatujapiga kura, mwenyekiti, muhtasari wangu hauna maelezo ya dereva. Kaka Mika, tuambie ulivyopambana na ule moto."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kijiji kizima kimenitazama. Nikasimama.

Nikawaambia moto ulivyonguruma kama chui wa msitu wa Shagayu. Wakapiga miguno. Nikawaambia nilivyoufokea ukarudi nyuma hatua mbili. Watoto wakasogea karibu. Nikaona hata Mzee Athumani amesahau kwamba na yeye alikuwapo.

"Ulianzia wapi hasa?" akauliza Jenoveva taratibu, anaandika. "Kwenye mpira?"

"Mpira!" nikasema kwa dharau, maana moto wa mpira ni moto mdogo, haufai hadithi yangu. "Mpira ulikuwa mzima kabisa, nimeuona kwa macho yangu! Mimi niliingiza mkono mtupu kupitia wavu, nikalishika gunia linawaka juu ya bomba la moshi, nikalikamua kama nguo mbichi, ndipo ule moto, kwa hasira, ukaufuata mpira..."

Kalamu ya Jenoveva ikasimama.

Fanueli akainuka kwa mara ya kwanza siku ile. "Gunia gani, Mika?"

Nilitafuta gunia jingine kichwani. Nilitafuta, wallahi, nikapitia magunia yote ya Usambara. Halikupatikana.

"Na mkono wako mtupu," akasema Jenoveva, "tuoneshe ulipoungua."

Nikauonesha. Ulikuwa laini kama wa bwana harusi.

Bibi mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha mstari wake mzima, kisha kijiji. Rahabu hakucheka. Alishuka kwenye furushi, akalifungua fundo, akaanza kutoa blanketi moja moja na kuwatupia watoto. Mzee Athumani akasema yeye siku zote alikuwa na mashaka na gunia. Jenoveva akamuuliza aliandike hilo, akasema lisiandikwe.

Hukumu yangu ilipita kwa mikono yote, nami nikainua wangu kwa aibu. Ufunguo nikamkabidhi Fanueli mbele za watu. Na kwa kuwa gari limelala kwa sababu yangu, kabichi za kijiji nizishushe mimi kwa kichwa mpaka Soni, kila siku ya soko, hadi Juhudi itakapopona.

Siku ya kwanza Fanueli mwenyewe alinitwisha gunia. Alilikaza vizuri, akaangalia halilali upande. Nikamwambia, "Fundi, nisamehe." Akaongeza kabichi mbili juu.

"Nenda taratibu kwenye kona," akasema.

Jenoveva alikuwa mlangoni na daftari lake. "Kaka Mika, zimeandikwa arobaini na mbili. Zifike arobaini na mbili."

Nikashuka nazo. Zilifika arobaini na moja, na ile moja nikairudia mlima mzima.