Ukurasa wa Kumi na Sita

Kiwandani walimwita Jicho, na jina hilo hakuliokota barabarani. Miaka thelathini na moja alikalia kiti kilekile cha mbao, penseli nyekundu sikioni, akisoma vitabu vya watu kabla havijachapwa, na nukta iliyopotea ilimkera kama mchanga kwenye mboga. Mkewe alikuwa fundi wa kujalidi katika kiwanda hichohicho, chumba cha chini chenye gundi na sindano. Yeye walimwita Bi Uzi. Wenzao walipenda kusema kwamba kitabu kilipata akili kwa mume, kikapata mgongo kwa mke.

Kisha kiharusi kikapiga hodi, na chenyewe hakingoji kukaribishwa. Mguu wa kulia wa Jicho ukawa gogo. Alirudi nyumbani baada ya miezi miwili na mkongojo, pamoja na agizo la mtaalamu wa mazoezi: atembee koridoni, kwenda na kurudi, mara kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni. Mkuu wa kiwanda naye akatuma ujumbe kwamba kile kiti hakitakaliwa na mtu mwingine hadi mwisho wa mwezi wa sita. Tangu siku hiyo Bi Uzi hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona mumewe amekirudia kiti chake.

Jicho akagoma. Safari nne tu, anakaa. Alisema yeye si mbuzi wa kamba, aende huku arudi huku bila sababu. Bi Uzi akalifikiria jambo hilo siku mbili, halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Alichukua kitabu kizima kisicho na kasoro, hadithi nene ya msafiri mmoja, alichokishona kwa mikono yake mwenyewe, akakikata uzi. Akazifungua karatasi na kuzibandika nne, kila moja kwa pini mbili, kwenye ukuta wa korido, kila baada ya hatua tano, kimo cha macho ya mumewe. Mtu atembee akisoma, asome akitembea, na jioni yeye atabandika nyingine.

Kesho yake Jicho alipiga safari kumi. Hatua tano, mkongojo ukigonga sakafu, kisha kimya cha kusoma, kisha hatua tano tena. Bi Uzi alihesabu akiwa jikoni, akajipongeza moyoni. Kufikia wiki ya tatu safari zilikuwa thelathini asubuhi na thelathini jioni. Akiulizwa kitabu kinakwendaje, Jicho alisema kinakwenda vizuri, yule msafiri ana mambo. Mara mojamoja alisikika akicheka peke yake. Mtaalamu wa mazoezi alikuja, akaupima mguu, akasema ataiiga mbinu hiyo kwa wagonjwa wake wengine. Bi Uzi akavimba kichwa, na nani angemlaumu.

Siku moja ya mapumziko, asubuhi kweupe, alikuwa akipanguza vumbi koridoni macho yake yakaangukia namba za kurasa.

Sasa, mtu wa kujalidi hafikirii kurasa, anafikiria karatasi. Kitabu hushonwa kwa karatasi zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Ukizifungua, ukurasa wa kwanza unakuwa ubavuni mwa ule wa kumi na sita, na wa pili uko nyuma. Bi Uzi alizibandika kama mikono yake ilivyozoea kuzitandaza mezani. Kwa wiki tatu msafiri wa watu alikuwa anafika kabla hajaondoka, anafiwa na mtoto kabla hajaoa, na nusu ya habari zake zilikuwa zimegeuziwa ukutani.

Alianza kucheka. Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa akisoma, na kicheko kikamfia mdomoni. Mtu aliyewahi kusimamisha mashine nzima kwa ajili ya herufi moja alipita hapa wiki tatu bila kusema neno.

Mkongojo ulikuwa unakuja. Bi Uzi alijibana kwenye mlango wa chumba. Jicho alisimama mbele ya karatasi, macho yakaenda kushoto na kulia, yakashuka taratibu hadi chini, akatikisa kichwa na kucheka kidogo. Kwenye ukurasa ule msafiri alikuwa anamzika mwanawe.

"Mume wangu," aliita. "Hapo umesoma nini?"

"Habari za msafiri."

"Anafanya nini?"

Jicho aliegemea ukuta.

"Naona wino," alisema. "Naona mistari, naona karatasi imekatwa vizuri. Maneno siyaoni. Yamekuwa kama nyayo za kuku."

Daktari alikwisha kumwambia tangu hospitalini, tena bila kuzunguka: mguu utarudi, kusoma hakutarudi. Alimwomba daktari amwachie yeye amweleze mkewe, kisha kila siku akaikosa siku ya kusema. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Kumbe na pini nane za ukutani zinatosha.

"Sasa ulikuwa unasimama ya nini?"

"Ulikuwa unasikiliza. Nikisimama, sufuria zako zinanyamaza. Nikiendelea, unaimba. Hujaimba tangu niugue."

Bi Uzi alilia palepale, kitambaa cha vumbi mkononi. Akasema basi atamsomea yeye, kila jioni. Jicho alikataa kwa upole. Kusikiliza, alisema, hata redio anasikiliza. Alichokipoteza ni kosa dogo lililojificha kwenye mstari, linalomngoja yeye peke yake.

Asubuhi iliyofuata Bi Uzi alimweleza mkuu wa kiwanda. Kabla ya saa sita mchana kiti kilikuwa na mtu, kijana mstaarabu mwenye miwani, aliyeinuka kumpa shikamoo. Bi Uzi alipotoka kazini alizibandua karatasi, akazikunja, akazishona upya kwa mpangilio wake. Kilitoka kitabu kizuri, ila kila ukurasa ulikuwa na matundu ya pini. Alikiweka rafuni na hakikufunguliwa tena.

Jioni ile alikuwa jikoni aliposikia mkongojo. Hatua tano, kimya. Hatua tano, kimya. Akachungulia. Jicho alikuwa amesimama mbele ya ukuta mtupu, kichwa amekiinamisha kidogo, muda uleule wa kumaliza ukurasa.

Bi Uzi alirudi kwenye sufuria yake akajaribu kuimba, kwa kuwa alijua anangojewa. Sauti haikutoka. Na huko koridoni kimya kiliendelea, hatua hazikuja.