Simu ya Bwana Funguo

Onyesho la mchana lilipoanza, mhudumu wa ukumbi alivuta pazia zito la mlangoni, akaegemea ukuta na kungoja macho yazoee giza. Watazamaji walimwita Mama Tochi. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha viti waliochelewa na kunyamazisha simu, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa ikimkausha koo. Alikuwa na utaratibu wake. Simu ikiita, anamulika magoti ya mwenyewe. Akijitia hamnazo, anamulika mikono. Uso hakuwahi kuumulika. Uso wa mtu gizani ni mali yake, alisema, pengine analia.

Siku hiyo simu iliita wakati mzee wa kwenye filamu anamuaga mkewe kitandani, ukumbi mzima kimya.

"Zima simu wewe!"

"Ustaarabu jamani, mbona hivyo?"

Mama Tochi hakuhitaji kutafuta. Ilikuwa simu ya Bwana Funguo, msimamizi wa karakana ya ushonaji iliyokuwa ghorofa ya juu ya sinema. Jina hilo alipewa na mafundi wake kwa sababu ya ufunguo aliouning'iniza kwenye mkanda. Kila siku baada ya chakula alishuka kutazama filamu huku cherehani zikiunguruma juu ya kichwa chake. Nyuma yake alikaa mdogo wake Mama Tochi, futi ya kupimia nguo shingoni, simu sikioni, mwanga wake ukimpiga shavuni. Mdogo mtu huyo walikuwa wamemzika kabla mvua hazijaanza.

Bwana Funguo aliinua simu yake juu watu waione. Kioo kilikuwa cheusi tii.

"Imezimwa," alisema.

"Itoe betri, baba," Mama Tochi alimnong'oneza.

"Betri nimeiacha nyumbani."

Simu iliendelea kuita. Mtu mmoja safu ya mbele alifyonya, kisha mzee wa kwenye filamu akafika mlangoni na watu wakamgeukia yeye.

Moto uliomuua mdogo mtu huko karakanani ulianza mchana kama huo. Fundi mmoja alisahau pasi juu ya rundo la vitambaa. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwa nje, maana mwenye jengo hakutaka mafundi watoke na vipande vya kitambaa, na ufunguo ulikuwa chini, kwenye mkanda wa Bwana Funguo, aliyekuwa anatazama filamu ya kuchekesha. Simu yake iliita. Mama Tochi akammulika magoti. Ikaita tena, akammulika mikono. Bwana Funguo hakuwa mtu wa makuu. Alisema, "Samahani, mama," akaizima, na Mama Tochi akamshukuru kwa ustaarabu wake. Simu yake mwenyewe ilikuwa imezimwa ndani ya droo ya dirisha la tiketi, kama ilivyowapasa wafanyakazi wote. Moshi ulipoanza kushuka kwenye feni, wateja walidhani kuna mtu anavuta sigara, wakamwita Mama Tochi aje amtoe.

Alipoiwasha simu yake jioni alikuta mdogo wake amempigia tena na tena.

"Ajali haina kinga," mwenye jengo alisema msibani, akakaa kidogo na wafiwa, akaondoka. Dari ikapigwa rangi. Cherehani mpya zikapandishwa ngazini, na mafundi wapya nyuma yake.

Halafu mdogo mtu akaanza kuja. Siku ya kwanza Mama Tochi alimfuata kitini akiwa amejaa machozi mpaka shingoni, lakini kazi ni kazi.

"Mdogo wangu, una tiketi?"

"Sina, dada. Nampigia mara moja tu. Akipokea naondoka."

Mama Tochi akamwacha akae. Wateja walipolalamika, mwenye jengo aliteremka mwenyewe, akainama kwa adabu na mkono kifuani.

"Binti, hapa ni mahali pa starehe. Ukitaka kupiga simu, toka nje."

"Nilitaka kutoka," mdogo mtu alijibu. "Mlango ulikuwa umefungwa."

Mwenye jengo alitazama picha kidogo, akasema atalishughulikia. Alimhamisha Bwana Funguo kiti. Mdogo mtu naye akahama. Kisha akaagiza yaandikwe maneno kwenye pazia la sinema kabla ya kila filamu: *Wateja wote, mlio hai na msio hai, mnaombwa kuzima simu zenu.* Vijana walicheka wiki ile, baadaye wakawa wanatafuna bisi maneno yanapita. Wachumba walizipenda safu za karibu na hapo, kwa kuwa hakuna mtu aliyewasogelea.

Mchana huu, mzee wa kwenye filamu alipokwisha kutoka mlangoni, Mama Tochi alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Funguo na, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akammulika mtu usoni. Alikuwa anakula bisi.

"Unanichoma macho, mama."

"Nipe ufunguo."

"Zamu haijaisha."

"Kuna kitu kinaungua huko juu!"

"Ni pasi hiyo. Nguo ikipigwa pasi inanuka, ndivyo ilivyo." Akaupapasa ufunguo kiunoni, kama mtu anayehakikisha amefunga zipu.

"Shhh!" watu wakasema.

Mama Tochi alipanda ngazi mbio, goti bovu na yote. Mlangoni kulikuwa na kufuli jipya, kubwa kuliko lile la zamani. Aligonga kwa viganja vyote viwili.

"Nani?" sauti ya msichana ikauliza.

"Mimi, wa sinema hapa chini. Kuna moto?"

"Hamna, mama. Mwenzetu kaunguza kola tu."

Akakaa kwenye ngazi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akatoa kipande cha tiketi mfukoni, akaandika namba yake, akakipenyeza chini ya mlango.

"Hiyo namba yangu. Siizimi tena, hata wakinifukuza. Mkiona moshi, nipigieni mimi. Msimpigie yeye."

Karatasi ilivutwa ndani. Cherehani moja ilinyamaza.

"Asante, mama," msichana alisema. "Ila simu zetu tunamwachia yeye tukiingia. Tangu ule moto ndio utaratibu. Wanasema ule moto ulileta kelele nyingi sana za simu."

"Anaziweka wapi?"

"Kwenye sanduku. Hapo nje, karibu na ulipo."

Sanduku la chuma lilikuwa ubavuni kwake, nalo limefungwa kwa kufuli. Ndani yake simu mojawapo ilikuwa inaita. Aliisikiliza mpaka ikakata.

Aliporudi ukumbini, mzee wa kwenye filamu alikuwa ndani ya treni na simu ya Bwana Funguo bado inaita. Hakuna aliyegeuka tena. Mama Tochi alikaa kiti cha jirani na mdogo wake, akamwekea vizuri futi iliyokuwa ikiteleza shingoni.

"Bado?"

"Bado, dada," mdogo mtu alisema, akabonyeza namba upya. "Labda filamu ikiisha."

Pazia la mlangoni lilisogea. Mwanamume aliyechelewa aliingia akipapasa giza kwa mikono. Mama Tochi akainuka, akamulika njia mbele ya viatu vyake mpaka kwenye safu yake.

"Simu nizime, siyo?" mwanamume aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zima, baba," alimjibu.

Yake mwenyewe ilikuwa kifuani, imewashwa, na waliopewa namba yake hawakuwa na cha kumpigia.