Jina la Stella Kanisani

Kwa miaka sita Filda alitunza maktaba ndogo ya Koboko, na miaka yote hiyo waliochelewesha vitabu walitajwa kanisani. Baada ya misa, katekista Yugu alisoma matangazo: mbuzi aliyepotea, harusi, kisha karatasi ya Filda. Watu walicheka, na Jumatatu vitabu vilirudi. Filda hakuona ubaya wowote.

Jumapili moja aliandika majina matatu. Ili wasije wakasingizia kusahau, akaandika na kitabu cha kila mmoja. Yugu akasoma mfululizo: "Lemi, ufugaji wa nyuki. Paska, mapishi. Stella Kiden, kuishi na virusi vya ukimwi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Paska alimwinua mwanawe akamkalisha upande wa pili, mbali na Stella.

Kesho yake Stella alileta kitabu, kimefunikwa vizuri kwa gazeti.

"Mama Filda, siku ile nachukua hii, nilikuambia nini?"

"Ulisema watu wasijue."

"Na wewe?"

"Nilisema hakuna shida, dada."

"Basi shida iko. Leo nimerudi na nyanya yangu yote kutoka soko ya Ludara. Hata mutu moja hakuuliza bei."

"Nisamehe, Stella."

"Andika kwamba nimerudisha. Jumapili wasome na hiyo."

Tangu siku hiyo Stella hakukanyaga tena maktaba. Kliniki nako aliacha kwenda, kwa kuwa foleni ya dawa ilikuwa uani, mbele ya macho ya watu wale wale. Mwaka uliofuata, kabla mahindi hayajavunwa, walimzika Ludara. Filda alisimama nyuma kabisa ya waombolezaji. Hakuthubutu kutupa udongo.

Siku hizi Filda anafundisha wakutubi wapya mjini Arua. Msomaji aandikwe kwa namba, anawaambia. Kitabu kikirudi, kumbukumbu ifutwe. Aliyechelewa aambiwe mwenyewe, pembeni.

Mwaka huu Norah, mwanafunzi asiyeishiwa utani, alimchokoza: "Mama, na kama bwana ya msomaji ndiye anauliza mke wake anasoma nini? Nimfukuze na ufagio?"

Darasa likaangua kicheko.

"Mwambie hujui. Na ufanye kazi yako kwa namna ambayo kweli hutajua."

"Hata padri?"

"Hata padri."

"Wewe mwenyewe uliwahi kutaja mtu, Mama?"

Jina lilimfika Filda mdomoni. Alitamani kulisema, apumue. Nyuso ishirini zilimtazama, zikingoja, kama siku ile kanisani.

"Nilitaja mmoja," akasema.

"Nani?"

Filda akatikisa kichwa, akawaambia wafungue madaftari.