Sikio la Kulia

Mtaani kwetu hakuna anayenishinda kusimulia. Ni kweli walioniweza wote wamekwisha kufa, lakini ushindi ni ushindi. Basi nikupe habari za Kipa.

Kipa alikuwa binti wa darasa la sita, mlinda lango wa timu ya wasichana, mwenye miguu mirefu kama ngazi ya kuazima. Mpira ukifika mikononi mwake ulinata. Ila sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Homa ililizima alipokuwa mdogo, na daktari akamwambia mama yake, "La kushoto limepona, mama, ila siwezi kukuahidi kitu." Mtoto alikuwepo, akasikia. Kwa hilo hilo la kushoto.

Shuleni hakumwambia mtu. Mwaka uliopita winga mmoja aligundulika ana pumu, na tangu hapo kazi yake ikawa kubeba chupa za maji. Kipa alimwona akizijaza bombani huku wenzake wakicheza, akafunga mdomo wake kwa kufuli. Kwenye mstari alisimama mwisho wa kulia, watu wote wawe upande wenye uhai. Na mwalimu akimkaripia mtoto mwingine, "Sikio la kufa halisikii dawa!", aliyeruka kwa kushtuka ni Kipa.

Jioni moja baada ya masomo, kocha aliwaita ukumbini badala ya uwanjani. Alikuwa ametawanya viti ovyo, kama nyumba inayohamwa.

"Leo hakuna mpira," alisema. "Leo ni michezo ya kujenga umoja. Timu isiyoaminiana ni kundi la watu wanaosubiri mvua ikatike."

Wakapangwa wawili wawili. Mmoja atafungwa kitambaa machoni, mwenzake atasimama penye ukuta wa mbele na kumwongoza kwa mdomo katikati ya viti.

"Usipige hatua bila kuambiwa na mwenzako. Tena nina makipa wawili na mechi moja Jumamosi. Mlinda lango asiyesikiliza mabeki wake simtaki. Nitachagua hapa hapa."

Uwanjani Kipa alisikiliza kwa macho: midomo ya watu, mabega yao, mikono yao. Sasa hayo macho ndiyo yanafungwa.

Mwenzake alikuwa Kengele, beki mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa pili. "Shoga, usiogope. Mimi nikiita, hata maiti anauliza nani."

"Nani anaogopa?" alisema Kipa, akijifunga kitambaa machoni.

Kocha aliwatoa waongozaji nje kidogo. Wakarudi wanachekacheka. Filimbi ikalia.

Wote walipaza sauti kwa pamoja. Kushoto! Kulia! Rudi! Mwenye masikio mawili huchagua sauti anayoitaka. Kwa Kipa zote zilikuwa uji. Alimnasa Kengele, akampoteza, akamnasa tena. Akapiga hatua, akajigonga kwenye kiti.

Halafu kukawa kimya.

Si kimya cha watu kupumzika. Sauti zilikatika zote kwa mkupuo, kama taa umeme ukikatika. Kipa alisubiri. Hakuna kitu. *Limekufa,* aliwaza. *La kushoto nalo limekufa, nimesimama hapa na watu wananiita.* Aliwaona kichwani wakifungua na kufunga midomo kama samaki. Alimwona mama yake akimwita jikoni bila sauti, siku zote, mpaka uzee. Alitaka kupiga kelele, akaogopa kwamba hata yake hataisikia.

Na wakimkuta amesimama kama mlingoti, si watajua?

Akakunja kipaji cha uso. Kitambaa kikapanda kidogo. Chini yake aliona sakafu, miguu ya viti, na mbali, viatu vyekundu vya Kengele. Akatembea. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga; hii ilikuwa ya ukumbi mmoja tu. Akavifikia viatu.

"Umefikaje?" kocha aliuliza.

Alimsikia! Machozi yalimlenga kwa furaha, na katika furaha hiyo ulimi ukamponyoka.

"Kengele ameniongoza, kocha."

"Amesemaje?"

"Kulia kidogo, kushoto, moja kwa moja, simama. Nimemsikia vizuri kabisa."

"Vua kitambaa, mwanangu."

Akavua. Nyuma yake wenzake wote walikuwa wamesimama katikati ya viti, wamefungwa macho, wakingoja; yule kipa mwingine mguu mmoja ukiwa hewani. Mbele, waongozaji walikuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja na kidole mdomoni. Kengele alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kengele," kocha aliuliza taratibu, "umemwambia hayo?"

Kengele alishusha mikono polepole.

"Shoga, nisamehe," alisema. "Kocha alituambia akiinua mkono tunyamaze, tuone kama mtangoja. Tangu umejigonga kwenye kiti, mimi sijafungua mdomo."