Mzinga wa Darasa la Nne

Mwalimu Emiliana alikuwa na kasoro moja ambayo hata mama yake mzazi alishindwa kuiponya: akijua ana haki, hanyamazi. Ndiyo maana maksai wa Mzee Alute alipokufa kwa kuumwa na nyuki wa shule, badala ya kwenda kutoa pole kama watu wengine, alisimama mbele ya kamati ya shule akasema nyuki hawakumfuata ng'ombe, ng'ombe ndiye aliyewafuata nyuki.

Alisema kweli. Maksai alikata kamba, akaingia uwanjani, akajikuna kwenye nguzo za mzinga mpaka ukaanguka. Lakini kweli hiyo haikumfaa kitu Mzee Alute, aliyebaki na maksai mmoja na plau ya kukokotwa na wawili, na mvua za kwanza zimeshanyesha. Alitaka mzinga uchomwe moto, na nusu ya wazazi walikuwa upande wake.

Kwa Emiliana, mzinga ule haukuwa sanduku la mbao. Miaka minne alikuwa amefundisha uchavushaji kwa mchoro wa ubaoni, hadi watoto wakaamini chavua ni unga wa chaki. Mbao aliomba kwa fundi wa Shelui, moja moja, kama mtu anayeomba moto wa kupikia. Tangu nyuki waingie, darasa la nne lilikuwa likijifunza kwa macho yake lenyewe.

"Nipeni mpaka mavuno," aliiambia kamati. "Kwenye shamba la shule nitafunika vichwa kumi vya alizeti, nyuki wasivifikie. Vikitoa mbegu, mzinga uchomwe, na kiberiti nitaleta mwenyewe."

"Yaandikwe hayo," alisema Mzee Alute.

Mwenyekiti Calist akamwashiria katibu, yakaandikwa.

Alizeti ilipokaribia kuchanua, watoto walikata chandarua kikuukuu, wakavifunika vichwa kumi, na mwalimu akafunga kamba kwa mkono wake. Kisha akafundisha. Aligusa ua moja lililo wazi kwa kitambaa laini, kitambaa kikatoka na unga wa manjano, akaupaka kwenye ua lingine. Hivi ndivyo nyuki afanyavyo, aliwaambia, bila kujua anafanya. Ua lisilopata chavua huishia kuwa na mapepe, maganda matupu yasiyo na kitu ndani.

Siku ya mavuno kamati, mwalimu mkuu akiwemo, iliketi kwenye madawati pembeni ya shamba. Darasa la nne lilisimama nyuma yao kwa mistari miwili. Emiliana alikata kichwa cha kwanza kilichofunikwa, akachana chandarua, akakipiga kwa fimbo juu ya turubai. Mbegu zikamwagika, nono, nyeusi, zimejaa.

Akapasua moja kwa meno. Ilikuwa na kiini.

Cha pili kikawa vilevile, na cha tatu. Mzazi mmoja akacheka. Kufikia cha saba gauni lilikuwa limemganda Emiliana mgongoni kwa jasho, na aliona aibu kiasi cha kutamani angekuwa mgonjwa siku hiyo.

"Kiberiti umekuja nacho?" aliuliza Mzee Alute. Yeye hakuwa akicheka.

Vilibaki vitatu, vilivyokuwa juu kuliko vyote, ambavyo ilibidi avute bua ndipo avifikie. Akakipiga cha kwanza. Mapepe. Cha pili na cha tatu, mapepe matupu, upepo ukayapeperusha. Hapo akaziangalia kamba. Zile tatu zilikuwa na fundo lake. Zile saba zilifungwa kama kamba za viatu.

Akageukia darasa. "Nani amekuwa akifungua hivi vichwa?"

Esta, mfupi kuliko wote darasani, akatoka mstarini.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilivipaka chavua kwa kitambaa, kama ulivyotuonyesha."

"Kwa nini, Esta?"

"Ulisema vitakosa mbegu. Nikavionea huruma." Akainamisha kichwa. "Vile vitatu sikuvifikia."

Emiliana alitaka kumfinya na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote.

Mzee Alute alimwita mtoto kwa kidole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulipaka mara moja tu?"

"Kila asubuhi, babu. Mpaka maua yakaisha."

"Kwa vichwa saba?"

"Saba."

Mzee aligeuka akatazama shamba lake, ng'ambo ya barabara, ekari sita za alizeti zilizoinamisha vichwa kwa uzito. Kama Emiliana angemwacha atazame tu, mambo yangeishia hapo.

"Zile zako amezipaka nani, mzee?" alisema. "Ni nyuki hawahawa. Wamekulimia msimu mzima, hawakula majani yako, hawakuhitaji mchungaji."

"Kwa hiyo mzinga unafanya kazi ya maksai?"

"Unazidi maksai!"

"Umesikia, Katibu? Yaandikwe na hayo." Mzee Alute akasimama, akaegemea fimbo yake. "Mimi sichomi tena kitu. Mali ya shule iliniulia maksai, na sijalipwa hata kwato. Mwalimu mwenyewe anasema mzinga unazidi maksai. Basi nipeni mzinga. Nitaupeleka kwenye shamba langu lile la mbali, la Sekenke. Hicho kinachozidi nitawarudishia, ndoo ya asali kila mwaka."

Hata waliokuja kuutetea mzinga wakaitikia kwa kichwa. Ilikuwa haki, na Emiliana aliijua haki akiiona, hata ikimgeuka.

"Na alizeti yetu je, babu?" aliuliza Esta.

"Si mnajua kupaka?"

Calist akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooka yote, wa mwalimu mkuu ukiwa wa mwisho. Emiliana aliihesabu mara mbili. Miezi sita nyuma nusu ya watu hawa walitaka nyuki wachomwe. Leo hapakuwa na hata mmoja aliyedhani hawana faida, na kwa sababu hiyo darasa la nne likabaki na nguzo nne tupu.