Dari ya Bi Ardis

Jumamosi moja ya Februari, theluji ikiwa imefunika hata visanduku vya barua, Verlyn Tollefson aliteremka vidato kumi na vitatu vya ngazi hadi chumba cha chini ya nyumba yake, huko Wisconsin. Alivaa miwani ya kuogelea, na kichwani mfuko wa plastiki wa dukani. Mkononi alishika mashine ya kupulizia rangi aliyoikodi. Fundi alikuwa tayari kuimaliza kazi kwa siku moja, lakini Verlyn, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, alisema mtu aliyesoma hashindwi na dari.

Dari yenyewe haikuwa imemalizwa: boriti wazi, nyaya, mabomba ya maji na ya hewa moto. Chini ya dari hiyo angelala mama yake, Bi Ardis, mwenye miaka themanini na mmoja na goti la bandia. Juu kulikuwa na chumba chenye dirisha zuri, ila humo ilikaa mashine ya Verlyn ya mazoezi ya kupiga makasia, aliyoipanda mara mbili.

"Mashine inahitaji mwanga," alimwambia mkewe, Jolene. Hata yeye aliyasikia maneno hayo yakichechemea, lakini yalikwisha kutoka.

Alichagua rangi nyeusi kwa kuwa kila mtu alisema nyeusi huinua dari. Akaanzia kona ya tanuri la kupasha nyumba joto. Dari ikainuka. Mwanzo Verlyn alidhani amefupika yeye, jambo ambalo kwa umri wake halikuwa geni. Kufikia saa sita mchana ngazi yake haikufika tena. Jirani yao, Orrin, akaleta ile ndefu ya kusafishia mifereji ya paa, akatazama juu.

"Umepaka mikono mingapi ya rangi?"

"Mmoja."

"Basi usipake wa pili," alisema Orrin, akaenda zake kuzoa theluji.

Sakafu ya jikoni, juu ya dari hiyo, haikusogea hata kidogo. Vidato tu ndivyo vilivyoongezeka. Verlyn alipomaliza alipanda sitini na vinne, akipumzika mara tatu.

"Umebakia meno tu," Jolene akamcheka. Kisha akaacha kucheka. "Na mama atapandaje?"

"Atazoea," alisema Verlyn kwa sauti ya mtaalamu, rangi ikimdondoka puani.

Bi Ardis alihamia Jumatano. Aliteremka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, bakuli la viazi na jibini mapajani. Alipofika chini alitazama juu kwa muda.

"Pamekuwa kama kanisa," alisema. "Na mashine yako, mwanangu, imepata mahali?"

"Iko juu, mama."

"Kuna dirisha?"

"Lipo."

"Vizuri. Isije ikajisikia mpweke."

Verlyn akajitetea: "Nilipaka mkono mmoja tu, mama."

Wakazoea. Chakula kilishushwa kwa kikapu na kamba. Sauti ya Bi Ardis ilichelewa kidogo njiani. "Habari za asubuhi" yake iliwafikia wakiosha vyombo vya mchana, nao wakaijibu kwa heshima ileile.

Mwezi Machi, wakiwa mezani asubuhi, sauti ikafika, safi kabisa: "Verlyn, mwanangu, goti linaniuma huku. Nihamishieni juu."

Jolene alimtazama mumewe. Verlyn akaweka uma chini. Akaona waziwazi la kufanya, na kwamba ni kazi ya nusu saa. Akainuka. Alitembea kuelekea mlangoni polepole, akiburuta ndara, kwa maana alimjua mama yake, na alijijua yeye.

Kabla hajagusa kitasa, sauti ya pili ya mama ikafika.

"Basi, usijali. Nimezoea."

Verlyn akashusha pumzi, akarudi kitini.

"Umesikia mwenyewe," alisema.

"Nimesikia," alisema Jolene. "Kula yai lako, shujaa."

Akalila. Lilikuwa bado lina moto.